Mwenye gesti wa Rwamgasa alivyosaka chumba Chennai

Ukitaka kumjua mtu ambaye hajawahi kusafiri na mgonjwa, muangalie anavyochagua hoteli mtandaoni. Ataanza na picha. Bwawa lipo? Shuka nyeupe? Chai ya asubuhi bure? Akiridhika analipia mwezi mzima, anapiga skrinshoti, anatupia status. Kama anaenda fungate, hakuna ubaya. Ila kama begi limejaa picha za MRI na mtu wake hawezi kukaa kwenye kiti dakika ishirini bila kuugulia, hapo anacheza na hela ya matibabu.

Kuna mama mmoja wa Rwamgasa, kule Geita, aliyelijua hilo bila kufundishwa. Sababu ni moja tu: yeye mwenyewe ana gesti.

Kwa wasiopajua, Rwamgasa ni kwa wachimbaji wadogo. Maduara, makarasha yanayosaga mawe kutwa nzima, wanunuzi wa dhahabu, na watu wa kila kona ya nchi. Rashi ikilipuka, mtu anashuka kwenye bodaboda na begi moja mgongoni, hamjui yeyote, anataka pa kulala. Gesti ya mama huyu ina vyumba nane na imewapokea watu wa namna hiyo miaka mingi. Ujanja wote wa biashara anaujua. Bei inayopanda kwa kuangalia viatu vya mgeni, anaijua. Chumba "chenye maji" ambacho maji yenyewe yako kwenye ndoo, anakijua. Bodaboda anayepewa buku mbili kila akileta mteja, yeye ndiye anayempa. Mtu kama huyo humpati kwa picha ya shuka.

Mumewe amekaa machimboni zaidi ya miaka ishirini. Ganzi ilianzia miguuni, wakadhani ni ile kazi ya kuinama duarani. Vipimo vya Mwanza, halafu vya Dar, vikaonyesha uvimbe umebana uti wa mgongo. Ukoo ukakaa, ukaamua India. Michango ikapitishwa, karasha la familia likauzwa, hela ikahesabiwa mpaka noti ya mwisho. Upasuaji ulikuwa na fungu lake, tiketi zina fungu lake. Kilichobaki ndicho cha kulala na kula, na kilikuwa kidogo. Kila usiku wa hoteli ukawa unapimwa kwa vidonge.

Walipangiwa Chennai. Huo ndio mji uliokuwa ukiitwa Madras mpaka mwaka 1996, makao makuu ya jimbo la Tamil Nadu. Ukijumlisha na viunga vyake una watu zaidi ya milioni 10. Hospitali yao ilikuwa maeneo ya Greams Road, mtaa ambao Apollo ilifungua milango yake mwaka 1983, na leo umezungukwa na nyumba za wageni za kila bei kwa ajili ya wagonjwa wanaotoka mbali.

Viza ya matibabu ya India inaruhusu wasindikizaji wawili. Akaenda mama, na mdogo wake mume, kijana wa Katoro ambaye simu kwake ni kama mkono wa tatu. Ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta hoteli. Wiki mbili kabla ya safari akaja na jibu.

"Shem, cheki hii. Rupia 1,400 tu kwa usiku. Ina mpaka bwawa."

"Bwawa la kumuogeshea kaka yako?"

"Aah shem, si la kupumzikia tu. Na ukilipa mwezi mzima wanapunguza."

"Iko mbali gani na hospitali?"

"Iko hapo hapo mjini. Panaitwa Velachery."

Mama akamwambia afungue ramani. Hapo hapo mjini ilikuwa zaidi ya kilomita kumi. Akachukua daftari la gesti, akageuza ukurasa wa nyuma, akaanza hesabu. Rupia 1,400 kwa siku 30 ni 42,000. Teksi ya kwenda na kurudi, tuseme 700 kwa siku, mwezi mzima ni 21,000. Jumla 63,000. Halafu akamwambia shemeji atafute chumba cha rupia 2,100 karibu na geti la hospitali. Mara 30, jibu ni lile lile: 63,000. Kwa shilingi 28 kwa rupia, ni kama milioni moja na laki saba na nusu.

"Sasa niambie," mama akasema, "hela ni ile ile. Ya kwanza inampitisha kaka yako kwenye matuta kilomita kumi na mshono mgongoni. Ya pili anasukumwa kwenye kiti. Unataka ipi?"

Shemeji kimya. Kulikuwa na jingine pia. Walikuwa wanasafiri Novemba, na mvua kubwa za Chennai ni za Oktoba mpaka Desemba. Desemba 2015 mji ulizama, Desemba 2023 kimbunga Michaung kikauzamisha tena, na Velachery ilikuwa kati ya maeneo yaliyojaa maji. Picha ya bwawa haikusema hayo.

Basi wakaanza kupiga simu, shemeji akiongea Kiingereza na mama akichokoza maswali pembeni. Hakuuliza kuhusu nyota hata mara moja. Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Mtu aliyepasuliwa uti wa mgongo akipewa cha kuchuchumaa, umemfunga. Lifti ipo? Umeme ukikatika, jenereta linaisukuma na lifti au taa tu? Jiko lipo, au mtu anapika kwa kujificha? Saa ya kutoka ni mchana, au ni saa 24 tangu ulipoingia? Hilo la mwisho ni muhimu, maana zipo lodge za huko zinazohesabu saa 24, na zipo ambazo ukiingia saa tano usiku, kesho mchana unadaiwa siku nyingine. Mmoja aliposema "kila kitu kipo", mama akadai video. Afungue bomba la maji ya moto, aliache limwagike, halafu amuonyeshe choo. Jamaa akakata simu.

"Umeona?" mama akasema. "Na mimi huwa nakata."

Mwisho akaamua jambo lililomshangaza shemeji: hawalipii mwezi, wanalipia siku mbili tu, kwenye hoteli ya kawaida iliyothibitisha kwa maandishi kwamba inapokea wageni wa nje. Mantiki yake ni ya rashi. Siku ya kwanza ya rashi hakuna anayejenga nyumba. Unafunga turubai, unawasalimia waliokutangulia, unasikiliza wanasema nini kuhusu maji, wezi na mawe. Ukishajua, ndio unapanda mbao.

Wakaruka Dar mpaka Mumbai, wakabadilisha ndege mpaka Chennai, wakatua usiku. Nje ya uwanja jamaa mmoja akaangalia jina la hoteli yao kwenye simu, akatikisa kichwa kwa huruma: hiyo imefungwa, inakarabatiwa, mimi nawapeleka kwenye nzuri zaidi. Shemeji akaanza kuingiwa na wasiwasi. Mama akacheka kwa sauti. Bodaboda wake wa Rwamgasa anawaambia wageni maneno hayo hayo kuhusu gesti ya jirani. Wakapiga simu hotelini, wakaambiwa chumba kinawasubiri, wakapanda teksi ya kulipia kwenye dirisha la ndani ya uwanja.

Asubuhi, mgonjwa akiwa amelala, mama na shemeji wakatoka kwa miguu. Shemeji akaona kibao kikubwa kimeandikwa "Hotel", akaingia kuulizia chumba. Akaletewa idli na mchuzi. Huko Tamil Nadu "hotel" mara nyingi ni pa kula. Pa kulala panaitwa lodge. Mama hakushangaa hata kidogo. Rwamgasa nako ukisema unaenda hotelini, watu wanajua unafuata ugali na sato.

Lodge ya kwanza ilikuwa safi, bei nzuri. Kijana wa mapokezi alipoona pasipoti akarudisha: hatupokei wageni wa nje. Shemeji akapandisha, akaona wamebaguliwa. Waliyoelezwa lodge ya pili yakampoza. Sheria ya India inamtaka mwenye nyumba ya wageni akimpokea mtu wa nje apeleke taarifa zake uhamiaji ndani ya saa 24, ile iliyozoeleka kwa jina la Fomu C. Asiyejisajili kwa kazi hiyo anaogopa kukulaza, hata kama ulishabuku mtandaoni. Mama akaelewa haraka. Na yeye ana kitabu cha wageni: jina, unatoka wapi, unaenda wapi. Polisi wakipita usiku wakute mgeni hajaandikwa, anayelala rumande ni mwenye gesti.

Chumba chenyewe hakikutoka kwenye simu. Kilitoka kwenye benchi la hospitali. Mchana wa siku ya pili, mama akiwa kwenye foleni anamkemea shemeji kwa Kiswahili, nyuma yake sauti ikasema, "Watanzania nyie?" Alikuwa mama wa Kizanzibari, yuko pale mwezi wa pili na mtoto wake. Ndani ya dakika kumi akawa amewamalizia kila kitu. Nyumba ile yenye geti la kijani, msiende, lifti inazimwa saa nne usiku. Ile ya kona, nzuri, ila vyoo vya kuchuchumaa. Ile ya mtaa wa ndani, chumba hakina mvuto na dirisha linaangalia ukuta, lakini kuna jiko, choo cha kukaa, jenereta linabeba lifti, na wanapokea hela siku kwa siku. Adapta ya chaja anayo ya ziada, maana pini nene za Bongo hazikai kwenye soketi nyingi za kule.

Wakaenda kuangalia. Mama akabonyeza godoro kwa ngumi, akafungua bomba, akapanda na kushuka na lifti mara mbili, akahesabu hatua mpaka geti la hospitali. Shemeji akaangalia ukuta nje ya dirisha, akasema, "Shem, hapa hata picha ya kutuma nyumbani hakuna."

"Tutatuma ya kaka yako amesimama."

Upasuaji ukapita salama. Baada ya siku tisa mgonjwa akatolewa wodini, lakini daktari akasema hakuna ndege mpaka wiki nne ziishe. Hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Walipanga hoteli kwa ajili ya wasindikizaji, kumbe sehemu kubwa ya kuugua inafanyika humo humo hotelini. Chumba kile kikageuka wodi. Mama akawa anapika ugali wa unga aliobeba, shemeji akawa anamfanyisha kaka yake mazoezi ya kunyanyuka kitandani.

Usiku wa kumi na moja, mvua inamwagika na umeme umekatika, mgonjwa akapandwa na homa kali na mshono ukaanza kutoa majimaji. Ilikuwa saa nane. Teksi kwenye simu zinaonekana halafu zinapotea. Shemeji hakusubiri. Kiti cha magurudumu, turubai la mvua juu ya kaka yake, lifti ikashuka kwa jenereta, wakatoka mbio, maji yakiwafika kwenye vifundo vya miguu. Dakika saba walikuwa mlango wa dharura. Maambukizi yakadhibitiwa. Kwa saa ile na mvua ile, Velachery ingekuwa habari nyingine, na shemeji ndiye aliyelisema hilo, asubuhi, bila kuulizwa na mtu.

Mume sasa anatembea na fimbo. Duarani harudi tena. Anakaa mapokezi ya gesti na kitabu cha wageni, na wateja wanasema ni mkali kuliko mkewe.

Habari zikaenea Rwamgasa, Katoro mpaka Geita mjini. Watu wenye wagonjwa wao wanampigia mama: "Tunaenda India mwezi ujao, tutumie jina la ile hoteli." Huwa hatumi. Anauliza kwanza, mgonjwa wako anaumwa nini? Maana wa figo anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki anahitaji ukaribu kuliko kitu chochote. Wa saratani anayepigwa mionzi wiki nyingi anahitaji jiko na dirisha linalofunguka, kwa sababu harufu ya mafuta ya mgahawa inamtapisha. Wa macho anaweza kulala mbali kidogo akaokoa hela, lakini asipewe chumba chenye ngazi za giza. Na hao wote anawapa agizo moja: lipieni siku mbili tu, halafu tafuteni benchi wanapokaa Waswahili.

Ukishamjibu mgonjwa wako anaumwa nini, ndio anakutajia mtaa.