Maghala Mawili na Ufunguo Mmoja

Msomaji, tajiri mwenye maghala mawili yaliyojaa nafaka aweza kulala njaa, ikiwa ufunguo wake ni mmoja nao umepotea. Neno hili laweza kudhaniwa mzaha, lakini ni kweli dhahiri katika mashine zitunzazo habari zetu. Katika jiji la Nairobi, toka maduka ya Barabara ya Luthuli hata ofisi za Westlands na shule za Kangemi, alama za wanafunzi, hesabu za karo na majina ya wagonjwa hukaa ndani ya kompyuta kuu iitwayo seva.

Seva huandika habari zake katika diski, na diski, kama kila chombo, ina siku yake. Kwa sababu hiyo mafundi huweka diski mbili kuwa pacha: kila neno liandikwalo katika moja huandikwa papo hapo katika ya pili, kama uso na sura yake katika kioo. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walizipanga kwa daraja njia za kuunganisha diski nyingi. Na hii ya pacha, iliyojulikana kabla yao, wakaiita ya kwanza. Diski moja ikifa, ya pili huendelea na kazi. Fundi huondoa mfu, huweka mpya isiyopungua ile kwa ukubwa, na mashine hujaza nakala.

Wengi husema kazi imekwisha hapo. La, haijaisha. Seva iwashwapo hutafuta kwanza programu ndogo ambayo kazi yake ni kuuamsha mfumo wote. Mara nyingi programu hiyo hukaa nje ya sehemu zinakiliwazo. Basi diski mpya hupata nafaka yote, lakini haipati ufunguo. Maadamu diski kuukuu i hai, hakuna auonaye upungufu. Siku ikifa, seva haitaamka, ingawa habari zote zimo salama ndani yake.

Nililiona jambo hili katika shule moja ya upande wa Kangemi, juma la kuandika ripoti za mwisho wa muhula. Diski mpya ilikuwa imekwisha kupokea nakala. Nikamwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kuizima seva, tuchomoe diski kuukuu, tuiwashe kwa mpya peke yake. Alisita.

"Fundi," akasema, "kitu kinakwenda, nawe wataka kukisimamisha? Wazazi wanakuja Ijumaa."

"Mwalimu," nikamjibu, "heri ikatae leo jioni nasi tupo, kuliko kukataa Alhamisi usiku."

Alikubali, baada ya alama zote kuwekwa pia nje ya mashine. Tukaiwasha. Skrini ikabaki nyeusi, na mstari mmoja tu wa kusema kuwa hapana cha kuamshia.

Tuliirudisha diski kuukuu, mashine ikaamka. Nikaiweka ile programu ndogo katika diski mpya. Kisha nikasahihisha orodha ya mipangilio, ambayo bado iliitaja sehemu ya diski iliyokufa kwa namba yake. Kwani kila sehemu ya diski ina namba yake, na mgeni hairithi namba ya marehemu. Tukajaribu tena kwa diski mpya peke yake, na safari hii seva ikaamka. Ndipo tukairejesha kuukuu, ikajazwa upya yale yaliyoandikwa ilipokuwa nje. Ijumaa wazazi walipokea ripoti zao.

Tena, msomaji, usidhani kuwa pacha ni akiba. Ukifuta jina kwa bahati mbaya, litafutwa katika diski zote mbili kwa mara moja. Akiba ya kweli hukaa mbali na mashine.

Huenda siku moja nawe utakabidhiwa mashine ya namna hii, au ofisi iitegemeayo. Ukiambiwa kuwa chombo cha pili kipo, usitosheke na kukiona. Kiulize kama chaweza kusimama peke yake, nawe ukiulize siku ya utulivu, kwa maana siku ya msiba haitakupa nafasi ya kuuliza.