Nipe Mji

Kitendawili kina adabu yake. Mmoja husema "Kitendawili," wengine huitika "Tega." Wakishindwa kutegua, mtegaji huwadai mji. Hutajiwa Lamu, Mombasa au Unguja, naye akishaupokea mji wake huwapa jibu. Hakuna aondokaye mikono mitupu: mtegaji amepata mji, na walioshindwa wamepata maarifa.

Hapa Balsall Heath, kusini mwa katikati ya jiji la Birmingham, adabu hiyo imehamia katika simu. Jumapili baada ya chakula, nyumbani kwa jamaa zangu karibu na Ladypool Road, picha za viumbe wa baharini huzungushwa mkono kwa mkono. Mwenye simu huziba maandishi kwa kidole gumba na kuuliza, "Huyu nani?" Jibu sharti liwe la Kiswahili. Asiyejua hutoa mji, na watoto hutoa miji waijuayo: Coventry, Leicester, Wolverhampton.

Ni mchezo wa ajabu kuchezwa mahali hapa. Kijiji cha Coton in the Elms, kinachohesabiwa kuwa mahali palipo mbali zaidi na bahari katika Uingereza nzima, yapata kilomita 113 kutoka pwani, hakiko mbali na Birmingham. Maji mengi wanayoyajua watoto wetu ni ya bwawa la kuogelea la Moseley Road, lililofunguliwa mwaka 1907. Hata hivyo hubahatisha bila woga, na katika kubahatisha kwao nimejifunza namna majina yetu yalivyoundwa.

Mtoto akionyeshwa kiumbe chenye mikono mitano husema "nyota". Sisi tunamwita kiti cha pweza, kwa kuwa waliomtaja hivyo walitazama sakafu ya bahari, si mbingu, na walimfikiria pweza kama mwenye nyumba anayehitaji pa kuketi. Jongoo bahari ni mgumu zaidi kufundisha, maana kwanza humlazimu mtu kumweleza jongoo wa nchi kavu, yule wa shambani baada ya mvua, ambaye watoto hawa hawajamwona akijikunja. Papa shilingi naye ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, na mgongo wake umejaa madoa meupe kana kwamba amemwagiwa sarafu. Watoto waliuliza shilingi ni nini. Nikawaambia ilikuwa fedha ya nchi hii wanayoishi hadi mfumo wa sarafu ulipobadilishwa mwaka 1971. Walifurahi kusikia kwamba sarafu ya Uingereza ingali ikiogelea Mafia, mgongoni mwa samaki. Wanasayansi nao humtambua kila papa shilingi kwa picha ya madoa yake, wakitumia hesabu zilizobuniwa kwanza kwa ajili ya kulinganisha picha za nyota.

Lakini mzee mmoja kati yetu hakuwa akicheza. Ni Mbajuni, mzaliwa wa kisiwa cha Koyama, na amevua tangu utotoni. Ukimwacha azungumze, atakueleza samaki mpaka chai ipoe. Ukimwekea picha mbele ya macho na kuuliza "Huyu nani?", hunyamaza. Siku moja alinieleza sababu. Alipofika nchi hii kuomba hifadhi, aliketishwa ofisini, akaulizwa maswali namna hiyohiyo: taja visiwa, taja samaki, sema neno hili kwa lugha yenu. Aliyeuliza alikuwa na majibu yake kwenye karatasi.

Hakuwa peke yake. Baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbia visiwa vyao, Chula, Koyama, Chovai na vinginevyo, wakaingia Kenya, na baadhi yao wakafika Uingereza. Kwa kuwa lugha yao ni ndugu wa Kiswahili kinachosemwa Kenya, swali likawa: huyu ni Mbajuni wa Somalia kweli? Uamuzi mmoja wa mwongozo uliotolewa na baraza la rufaa za uhamiaji mwaka 2004 unataja hata katika kichwa chake uwezo wa kusema Kibajuni. Sikatai kwamba dola ina haki ya kuuliza. Ninachotilia shaka ni imani kwamba jina la samaki hukaa kichwani mwa kila mtu kwa namna moja. Mvuvi wa mshipi humjua samaki gizani kwa jinsi anavyovuta. Mpishi humjua akiwa amekwisha kukatwa vipande. Mtoto aliyekimbizwa akiwa na miaka saba humjua kwa ladha tu. Na jina lenyewe hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji.

Kuna njia nyingine ya kuuliza kwa picha. Mwaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, aliletewa samaki asiyemjua. Alimchora, akampelekea J.L.B. Smith mchoro huo kwa posta. Smith alimtambua katika mistari hiyo kuwa silikanti, ambaye jamii yake ilidhaniwa kutoweka tangu zama za dinosaria. Akitafuta wa pili, alisambaza pwani ya Afrika Mashariki vipeperushi vyenye picha, na ahadi ya pauni 100. Desemba 1952, kisiwani Nzwani, mvuvi Ahamadi Abdallah alimvua mmoja, na mwalimu Affane Mohamed akamfananisha na picha. Wakomoro walikuwa wakimjua siku zote, walimwita gombessa. Smith aliuliza kwa sababu hakujua, na aliyejua alilipwa. Ofisini picha ileile ingekuwa mtego, na anayeshindwa hutoa mji kwelikweli, kisha haambiwi jibu.

Tangu hapo tumebadili sheria. Anayeonyesha picha sharti naye awe hajui. Mzee sasa huvuta kiti karibu, maana haulizwi ili apimwe, anaombwa. Mara nyingi husahihisha Kiswahili cha Unguja kwa jina la kwao, na mtoto mmoja huyaandika yote mawili katika daftari la shule.

Majuzi walimletea picha ya konokono wa baharini asiye na gamba, mwekundu, anayeogelea kwa kupepea pindo zake. Aliitazama kwa muda mrefu. "Huyu hakuliwa, hakuuma, hakuuzwa," alisema. "Hatukuwa na haja ya kumwita." Binti wa miaka tisa akapendekeza leso ya bahari. Mzee akamtaka aseme tena, polepole, kisha akamwambia aliandike daftarini, chini ya mengine.