Siku ya Kuni Mang'ula

Mama zetu wa Mang'ula, wale waliolea watoto miaka ya tisini, walikuwa na siku moja ya wiki isiyoingiliwa na shughuli nyingine. Ilikuwa siku ya kuni. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilitangazwa mwaka 1992, makao yake makuu yakawekwa hapo hapo kwetu, na msitu ambao bibi zetu waliuingia watakavyo ukawa na mipaka na askari wa wanyamapori. Hata hivyo wanakijiji waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni kavu, na kwa miaka ninayoikumbuka mimi siku hiyo ilikuja mara moja kwa wiki. Mti mbichi haukuguswa.

Nilianza kufuatana na mama nikiwa bado shule ya msingi. Alfajiri shoga zake walipita mlango kwa mlango. "Kamwene!" aliita mmoja kutoka uani, kwa salamu ya Wahehe, na aliyechelewa kujibu aliulizwa ameamkaje. Kwenda peke yako halikuwa jambo la kufikirika: milimani kuna nyati na tembo, na njia yenyewe ni mwinamo na mawe yenye utelezi. Juu yetu mbega wekundu walirukaruka kwenye matawi, nasi watoto tukikemewa tusibaki nyuma kuwatazama.

Kazi yenyewe ina ufundi wake. Kuni ndefu hutangulia chini, fupi zikajaza katikati, kisha mzigo unakazwa kwa kamba ya mpira iliyokatwa kwenye tairi kuukuu, goti likiwa juu yake. Kanga inazungushwa ngata, inawekwa utosini. Halafu inabaki sehemu ambayo mtu mmoja haiwezi kirahisi: kutwikwa. Wawili huinua mzigo, wa tatu huchuchumaa na kusimama nao taratibu. Wa mwisho, ambaye hana wa kumtwika, aliuegemeza mzigo wake kwenye jabali refu kuliko kiuno, akauingilia chini kwa kichwa. Mama alipenda kuwa wa mwisho. Alisema ndiyo nafasi ya kuona nani leo miguu inamtetemeka.

Na kweli waliona. Jirani yetu mmoja mimba yake ilipokuwa kubwa, alijikaza akaja. Shoga mmoja akamshika mkono kabla hajainama: "Wewe kaa hapo utulie. Kuni zako utazikuta mlangoni." Kila mmoja akachomoa vijiti vyake viwili vitatu, ukapatikana mzigo mzima, ukabebwa kwa zamu mpaka kwake. Hivyo hivyo walimfanyia mzazi mpya kwa siku zake arobaini, maana maji ya moto ya kumkanda hayachemki bila kuni. Aliyelala na homa hakupelekewa kuni tu. Mmoja alimchotea maji, mwingine alimfulia, mwingine akaondoka na watoto wake wakale kwake.

Hata habari za afya zilipita njia hiyo. Mwaka 1997, watafiti wa afya kutoka mji wa Ifakara walipoanza kueneza vyandarua vyenye dawa kwa bei nafuu katika wilaya za Kilombero na Ulanga, wengi waliiogopa ile dawa. Ingewadhuru watoto, walisema. Kilichomtuliza mama hakikuwa tangazo. Alikuwa shoga yake aliyekwisha kununua, akamweleza huku wakishuka mlima kwamba mwanawe analala usiku kucha na hajapata homa tangu masika. Mwaka 2001 watafiti hao walichapisha matokeo yao: matumizi ya vyandarua hivyo yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Kwetu sisi, habari hiyo ilikuwa imeanza kusambaa chini ya mizigo ya kuni.

Sisemi maisha yale yalikuwa mazuri. Mama aliumwa shingo na kiuno tangu nimjue, na moshi wa mafiga matatu ulimwachia macho mekundu na kikohozi cha kila asubuhi. Msitu nao ulikuwa na haki yake. Udzungwa ni nyumba ya ngolaga, kima wa rangi ya kijivu asiyepatikana porini kwingine duniani, na mito inayoteremka kutoka humo ndiyo inayonywesha mashamba yetu ya mpunga. Julai 2011 ruhusa ya kuokota kuni ikakoma.

Mwanzoni ilikuwa taabu. Wenye shamba walipanda mijohoro mipakani. Wengine walijifunza kufinyanga majiko banifu ya udongo, wengine wakapikia pumba za mpunga kutoka mashineni, na aliyekosa vyote alinunua mkaa wa kopo. Lakini mama na wenzake hawakukubali siku yao ipotee. Waliendelea kukutana siku ile ile, mara hii kila mtu na mchango wake mdogo. Anayejifungua ananunuliwa mkaa, anayelazwa Ifakara anapewa nauli na mtu wa kumwangalia wodini.

Sasa nyumba nyingi unaziona na mtungi mdogo wa gesi. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, nami naombea ufanikiwe, kwa sababu nimeona moshi unavyomla mwanamke polepole. Mama anapika kwa gesi na kikohozi kimepungua.

Ila gesi haikulazimishi kugonga mlango wa mtu. Unaweza kupika mwezi mzima bila kujua kwamba jirani yako hajainuka kitandani. Kwa hiyo nawaomba wanawake wenzangu, wa Mang'ula na kwingineko: tuupokee mtungi kwa mikono miwili, lakini tusiache siku yetu ya wiki. Pita kwa mwenzako asubuhi, mwamkue, na akichelewa kuitika, ingia ndani umwone.