Jangwa Humlaza Msafiri

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Methali hii hufundishwa watoto tangu madarasa ya chini, lakini ni vigumu kupata mahali ilipopuuzwa zaidi kuliko kwenye mteremko wa Sachangwan, kati ya Nakuru na Mau Summit. Hapo hupita malori yatokayo bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na mashariki mwa Kongo. Hapo, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia petroli iliyomwagika, moto ukalipuka na kuangamiza zaidi ya watu 100. Karibu na hapo, huko Migaa, tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana, watu 36 wakapoteza maisha. Ajali za mteremko huo hutajiwa sababu nyingi: breki, mwendo wa kasi, gia iliyoachiliwa ili kubana dizeli. Ipo nyingine isiyoacha alama barabarani, nayo ni usingizi.

Anayetaka kuuelewa usingizi huo na amfuate dereva mmoja wa Sachangwan aliyeiacha kwa muda njia ya Malaba. Alipakia viazi vya Molo ili kuviuza North Horr na Marsabit, akashika njia ya kaskazini pamoja na utingo wake, mtoto wa dada yake. Walipitia Nyahururu na Rumuruti, wakafika Maralal jua likichwea. Dereva alitaka kuendelea, kwani kwake usiku ulikuwa saa za kazi kama mchana. Wenyeji walimkataza. Walimweleza kwamba njia ya mbele ni mawe matupu, na kwamba usiku wa Baragoi si wa mgeni. Aghalabu walitaja Novemba 2012, askari zaidi ya 40 walipouawa katika bonde la Suguta. Basi wakalala juu ya magunia ya viazi, chini ya turubai, katika baridi isiyopungua ya Molo.

Usiku wa pili uliwakuta South Horr. Waliegesha lori kwenye mchanga laini wa korongo lililokauka. Mchungaji mmoja Msamburu akaja akawaambia wahame: mvua ikinyesha juu ya mlima Nyiro, maji hushuka gizani na kumkuta mtu usingizini chini ya anga lenye nyota. Walipanda ukingoni, wakatandika maturubai chini ya mgunga. Mvua haikunyesha, wala maji hayakuja.

"Mjomba, tumehama bure," utingo alilalamika asubuhi.

"Heri kuhama bure, mwanangu, kuliko kufa bure," alijibiwa.

Usiku wa tatu walikuwa Loiyangalani, penye mikoma na chemchemi, kando ya Ziwa Turkana, ambalo ni kubwa kuliko maziwa yote ya kudumu ya jangwani duniani. Upepo wa huko ndio uzungushao mitambo 365 ya umeme iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019, upande wa kusini. Upepo huo huzidi usiku. Mwenyeji wao Mturkana aliwapa ngozi za kulalia nje, nyuma ya kizuizi cha matawi, kwa kuwa ndani ya kibanda joto halivumiliki. Dereva alilala mapema kuliko alivyowahi kulala tangu alipoanza kazi.

Baada ya kushusha sehemu ya shehena North Horr, waliingia Chalbi. Jangwa hili ni sakafu ya ziwa la kale: tambarare, jeupe kwa chumvi, na mvua ikinyesha hugeuka tope linalomeza magurudumu. Njia haiko moja; ziko alama nyingi za magari zinazoachana na kukutana. Mchana msafiri hulenga milima ya mbali. Usiku milima hutoweka, na taa za lori humulika kipande kidogo cha chumvi kisichotofautiana na kingine. Walifika Kalacha magharibi, wakataka kulala garini. Mzee mmoja wa Kigabra aliwakatalia. Aliwaingiza katika nyumba ya fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka na ngozi, nyumba ambayo familia ikihama hufunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia. Akawapa maziwa, kisha akasema: "Gari lina mlango, lakini halina mwenyeji."

Naam, katika kauli hiyo ndimo lilimo funzo la safari nzima. Ikumbukwe kwamba jangwa si pepo. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliangamiza mifugo mingi ya watu hawa hawa waliowakirimu wageni. Hata hivyo, jangwani usiku humsimamisha dereva, na akisimama hupata mtu ajuaye amelala wapi. Lami haina ihsani hiyo. Mistari yake meupe humshawishi dereva aamini kwamba usiku ni mchana. Akipumzika Salgaa hulipia kitanda huku akihesabu saa anazopoteza, na tajiri wake akipiga simu huuliza lori limefika wapi, si kama dereva amelala.

Baada ya maafa ya 2017, barabara ya Salgaa hadi Sachangwan ilipanuliwa, na magari yapandayo yakatenganishwa na yashukayo. Hiyo ni hatua ya kusifiwa, ila kizuizi hakimwamshi aliyesinzia. Sheria ya Trafiki ya Kenya nayo humkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Kwa hiyo tatizo si uhaba wa sheria. Wanaohitajika ni matajiri wa magari watakaoihesabu saa ya kulala kuwa sehemu ya kazi, na vituo vya mapumziko ambamo dereva ataegesha bila kuhofia mzigo wake kuibwa. Wahenga walisema pia, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika mteremko wa Sachangwan, mwenyeji akimpa mgeni mahali pa kulala, watapona wote wawili, pamoja na abiria wa basi lijalo kutoka upande wa pili.