Sisi Wazulu wa Lupiro

Haya wadau, leo tuongee mambo ya ukoo. Nyumbani kwetu Lupiro mtoto hukua akiambiwa kwamba sisi ni Wazulu. Siyo utani, Wazulu kabisa, watu wa Shaka, tuliotoka Afrika Kusini kwa miguu na ngao mkononi. Kabila letu ni Wambunga na wazee wakianza stori hiyo utadhani walikuwepo. Mimi siku zote nilikuwa najiuliza kitu kimoja: kama ni Wazulu, mbona hatuna hata Kizulu cha kuombea maji?

Kwa wasiopajua, Lupiro ni pale ukishatoka Ifakara na kuvuka mto Kilombero. Barabara inagawanyika, moja inapanda Mahenge, nyingine inakwenda Malinyi. Mpunga kila upande na mbu wa kutosha. Kuvuka zamani ilikuwa kwa pantoni, daraja lilifunguliwa 2018.

Fahari ya namna hii siyo yetu peke yetu. Marekani kuna watu wanatembea kifua mbele kwa sababu babu wa babu yao alishuka kwenye merikebu ya Mayflower mwaka 1620. Abiria walikuwa 102 tu, na tangu 1897 kuna chama cha wajukuu wao. Huingii mpaka uthibitishe kizazi kwa kizazi. Sisi vyeti hatuna. Tuna wazee, makaburi, lugha na vitabu. Kwa hiyo nimejifungia maktabani na vitabu, na jioni nikawa nakaa kimbwetani napigia wazee simu mpaka salio linakata.

Nilichopata ni hiki. Vita vya Mfecane vilipochachamaa kule kusini mwanzoni mwa karne ya 19, makundi mengi yalikimbilia kaskazini. Sekondari wote tulimsoma Zwangendaba, aliyevuka Zambezi mwaka 1835. Lakini Wambunga hawatokani na msafara wake. Wanatokana na Wangoni wa Maseko, ambao walivuka Zambezi kivyao, wakapitia Malawi, wakavuka Ruvuma na kukaa Songea. Baadaye wakaja Wangoni wengine, wakazichapa, na katika miaka ya 1860 Wamaseko wakashindwa. Wenyewe wakarudi Malawi, na wajukuu zao wako huko mpaka leo. Sehemu ya watu wao haikurudi. Ikashika njia ya kaskazini ikaingia bonde la Kilombero. Ndiyo Wambunga hao.

Sasa swali, hao walioshika njia ya kaskazini walikuwa nani? Jeshi la Kingoni lilikuwa linakua kwa kuteka vijana kila linapopita. Unakamatwa, unapewa ngao, baada ya miaka michache na wewe ni Mngoni. Lugha nayo inatoa ushahidi. Malcolm Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu kwa mafungu, Kizulu alikiweka fungu la S, huko kusini kabisa. Kimbunga alikiweka fungu la P, pamoja na Kingindo na Kimatumbi. Yaani lugha yetu ni ndugu wa lugha za Liwale na Kilwa. Babu mmoja wawili kutoka kusini wanaweza kuwepo, sikatai. Lakini wengi wetu inaelekea ni wajukuu wa watu waliotekwa njiani, hapa hapa kwetu.

Mtaniuliza, sasa hayo yana faida gani? Yana faida kubwa jamani, tena nyumbani kwetu sasa hivi ni moto. Dada yangu, mtoto wa baba mkubwa, ameletewa barua ya posa. Kijana ni Msukuma. Wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe wao, yeye mwenyewe kazaliwa Ulanga hapo hapo. Baba mkubwa hataki kusikia. Anasema sisi ndio wenye nchi, hao wamekuja juzi. Akaniagiza mimi, eti ndiye msomi, niandike ukoo wetu kuanzia kwa Shaka ili usomwe kwenye kikao kabla barua haijajibiwa.

Nimheshimu kwanza, maana hasira yake ina msingi. Shamba lake la mpunga liliwahi kuliwa lote usiku mmoja. Ugomvi wa wakulima na wafugaji bondeni siyo hadithi, ndiyo maana mwishoni mwa 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo Kilombero na Ulanga. Lakini shamba kuliwa na ng'ombe ni kesi ya shamba. Kusema "sisi wenye nchi" ni jambo lingine, na hapo ndipo karatasi yangu inapokwama.

Kwa sababu Wambunga hawakulikuta bonde tupu. Wandamba walikuwepo, watu wa mto, mitumbwi na samaki. Wapogoro walikuwepo. Babu zetu hawakuleta hata barua, walileta mikuki.

Nikampigia bibi mzaa baba, kwa kuwa wazee wote wanaume walishanihadithia ila yeye hakuna aliyemtaja. "Shikamoo bibi." "Marahaba mume wangu, umekula?" Nikamuuliza habari za Wazulu. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Hao Wazulu wenu walipokuja, babu zangu walikuwa mtoni wanatega samaki. Mimi ni Mndamba. Nani aliniuliza kama nawataka wageni? Na nimewazalia."

Kuna tarehe moja nimeiandika kwa wino mwekundu. Tarehe 30 Agosti 1905, wakati wa Maji Maji, Wapogoro na Wambunga waliivamia pamoja boma ya Wajerumani pale Mahenge. Bunduki za rashasha ziliwafyeka kwa mamia. Hesabuni wenyewe: tangu Wambunga waingie bondeni ilikuwa imepita miaka kama arobaini tu, na tayari walikuwa wanafia nchi hiyo bega kwa bega na waliowakuta. Huyo kijana wa Kisukuma, familia yake ina zaidi ya miaka ishirini na mitano Ulanga. Ameshazika babu yake pale.

Kwa hiyo karatasi nimeiandika hivi. Safu ya kushoto ni ya kina baba: majina matano, halafu Songea, halafu alama ya kuuliza. Safu ya kulia ni ya kina mama: Mndamba, Mpogoro, tena Mndamba. Sijaweka maoni yangu hata sentensi moja, maana mtoto hamfundishi baba mkubwa mbele ya kikao. Nitaisoma kama ilivyo, na nimemwomba bibi akae karibu yangu. Watakavyoamua ni wao. Dada kaniambia barua ikirudishwa ataondoka, na mimi namjua, hatanii.

Na nyie wadau, mkienda likizo, msiulize ukoo kwa babu tu halafu mkafunga daftari. Pitieni na jikoni. Kule ndiko waliko watu waliokuwepo kabla msafara haujafika.

Nawasilisha.