Risasi Tatu Kabla ya Kugusa Darubini

Tangu Kenya ipige marufuku uwindaji mwaka 1977, mtu wa kwetu Mwanda, kwenye milima ya Taita, hana sababu ya kujifunza kumlenga swara. Bunduki tunazoziona huku ni za askari, hasa wale wa Shirika la Wanyamapori (KWS), ambao chuo chao kiko Manyani, ukishapita Voi kuelekea Nairobi. Mjomba wangu alikuwa askari wa wanyamapori, na shabaha kwake haikuwa jambo la mzaha. Takriban asilimia 62 ya kaunti yetu ya Taita-Taveta ni mbuga ya Tsavo. Ndovu akivamia shamba usiku, aliyeitwa hawezi kubahatisha.

Darubini ikishafungwa juu ya bunduki, alikuwa akisema, usiiamini mpaka uipime. Laza bunduki juu ya gunia la mchanga, lenga katikati ya karatasi iliyo mita 100, piga risasi tatu. Ya kwanza ikienda kando, mkono utakuwasha kutaka kuzungusha kirekebishi cha darubini. Uzuie. Huenda ni upepo, huenda ni pumzi, huenda kidole kilivuta kwa pupa badala ya kukaza polepole. Zikitua zote tatu pamoja, hata kama ni shubiri nzima kushoto, furahi: bunduki ni nzima, darubini tu ndiyo inayotazama pembeni. Katika darubini nyingi kila mlio wa kirekebishi, ka!, husogeza risasi kama milimita 7 kwa umbali huo. Shubiri ni milio 30 hivi, basi. Lakini zikitawanyika, kirekebishi hakikusaidii. Kaza skrubu, kagua risasi, halafu jikague mwenyewe.

Kuna na hili, ambalo nililibishia sana: risasi haiendi moja kwa moja. Mtutu uko chini ya darubini nao umeinuliwa kidogo, kwa hiyo risasi hupanda, huvuka mstari wa jicho, kisha hushuka. Ndiyo maana anayetaka kupiga mita 200 huiacha ipige sentimita tano hivi juu ya shabaha kwa mita 100. Na ukisimama huku juu karibu na kilele cha Vuria ukalenga bondeni, itapiga juu kuliko ulivyozoea.

J. H. Patterson, mhandisi wa daraja la Tsavo, aliwaua wale simba wala watu wawili Desemba 1898. Kabla ya hapo alikuwa ameazima bunduki kubwa ya afisa wa polisi, akakutana na simba mchana kweupe, akafyatua, ikagoma. Mwenyewe aliandika kwamba aliilaani saa aliyoiamini silaha ya kuazima.

Mimi sina bunduki, lakini nimekaa kwenye kamati ya maji. Mwaka fulani hesabu ya mwezi mmoja ilipungua, na kabla chai haijapoa watu walishataka mweka hazina aondoke. Watu wa milimani tuna haraka hiyo. Niliomba tuone vitabu vya miezi iliyotangulia. Kila mwezi pengo lilikuwa karibu kiasi kilekile, na mahali palepale: ada ya kutoa pesa kwenye M-Pesa haikuwa ikiandikwa. Tukachora safu moja zaidi kitabuni, mama wa watu akaendelea na kazi. Mweka hazina wa kabla yake ndiye aliyetushinda. Mapengo yake yalikuwa kila ukurasa na sura yake, wala hakuna safu ambayo ingemtosha.