Doa la Jani na Siri ya Chungu

Lushoto

Mwanangu Mwanaidi,

Picha zako nimezipata jana usiku nikazikuza mpaka macho yakaniuma. Kwanza kabisa, usiimwagilie hiyo okidi ya sapatu hata tone kabla hujamaliza kusoma.

Lile doa la kahawia, lipapase kwa kidole. Likiwa kavu kama karatasi, na liko upande wa dirishani, ni jua limeunguza. Kovu litabaki hapo bila kusambaa. Sogeza chungu tu. Lakini likiwa laini, limelowa, na leo ni kubwa kuliko jana, huo ni uozo wa bakteria, nao hausubiri Jumamosi. Pitisha wembe kwenye moto, ukate jani ukiingia kama sentimita mbili kwenye sehemu nzima ya kijani, kisha upake mdalasini wa unga pale ulipokata. Usiumwage kwenye mizizi, unaikausha. Uozo ukishafika moyoni, pale majani yanapokutana, shina hilo limekwenda. Mimi nilipoteza mche niliokaa nao miaka tisa kwa kusema nitaukata kesho, na mpaka leo unaniuma.

Mara nyingi chanzo ni maji yaliyolala moyoni usiku kucha. Mwagilia asubuhi, na yakituama hapo yafyonze kwa ncha ya kitambaa.

Picha ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Majani yamenywea, nawe umeandika kwamba umeongeza maji. Okidi nyingi zina mashina manene ya kuwekea akiba. Hii haina, inaishi kwa mizizi yake michache. Mizizi ikioza, jani hukauka kwa kiu huku chungu kimejaa maji. Nilikupandia kwenye magome ya msonobari miaka mitatu iliyopita, na sasa bila shaka yamegeuka tope. Yalitakiwa kubadilishwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Kosa ni langu, sikukuambia. Ukiitoa, usiogope mizizi ya kahawia yenye vinyweleo: ndivyo ilivyo ikiwa hai, ilimradi ni migumu. Mzizi unaobonyea, ganda likabanduka ukabaki uzi mkononi, ukate. Kisha magome mapya na chungu kidogo, mizizi ienee tu.

Ncha zilizokauka nadhani ni chumvi ya maji ya kisima chenu. Kinga maji ya mvua.

Jani moja la chini kabisa kuwa njano lisikutie hofu. Kila shina huchanua mara moja tu, kisha hufifia polepole huku machipukizi yake yakikua.

Na usidhani joto la Tanga ndilo linaloiua. Nilikuchagulia Maudiae makusudi, chotara wa mwaka 1900, kwa sababu zenye majani ya mabakabaka huvumilia joto. Zile za kijani kitupu zinataka usiku wa baridi kama wa huku. Wazazi wake wawili ni wa misitu ya Asia ya Kusini Mashariki, chini ya miti, kwenye kivuli chenye unyevu na hewa inayotembea. Ipe hali hiyo kwenye baraza la mashariki.

Kesho asubuhi tandika gazeti, itoe chunguni, unipigie picha mizizi kabla hujakata mzizi wowote. Nitakuwa na simu mkononi.

Shangazi yako